Dawa Isiyobanduka

1

Subilaga alirudi Isyeto siku ya Alhamisi, baada ya siku kumi na moja za kulazwa Mbeya, na mumewe hakumuuliza alikuwa wapi.

Si kwamba Lwitiko alikuwa na hasira. Alikuwa barazani kwenye meza yake ya kazi, amefungua pampu ya jirani, vipuri amevipanga juu ya gazeti kwa utaratibu ule ule aliovifungulia. Alipomwona mkewe anaingia na begi alisimama, akalipokea, akalipeleka chumbani, akarudi kuketi.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi."

"Maharage yapo jikoni. Nilikuwa napika ya watu wawili. Siku ya tatu ndiyo nikakumbuka kupunguza."

Subilaga alivua viatu, akasimama mlangoni akisubiri swali. Lwitiko alichukua bisibisi.

"Hutaki kujua wamesemaje kuhusu ini?"

"Wamesemaje?"

"Limetulia."

"Vizuri," alisema Lwitiko, na alimaanisha. Kisha akainama tena kwenye pampu.

Mji mzima ulikuwa hivyo. Kutoka kituo cha gari la kamba, lile linaloning'inia kwenye waya kutoka bonde la chini tangu barabara ilipokufa, hadi nyumbani kwake, Subilaga alikutana na watu wengi anaowajua. Wote walimsalimu vizuri. Mmoja alimbebea begi kilima kizima. Hakuna aliyesema, siku nyingi hatujakuona. Na hakuna aliyemwita Mama Ikupa. Jina hilo walikuwa wameliacha bila ubaya wowote, kwa kuwa Ikupa hakuwapo tena na jina halikuwa sahihi.

Miaka mitatu nyuma, saa nne asubuhi, upande wa mlima uliteremka na kufunika shule, soko na mitaa miwili. Walikufa watu mia mbili na kumi na wawili. Binti yao Ikupa alikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Mwezi uliofuata serikali ya jimbo ilileta kijiti: kitu chembamba kama njiti ya kiberiti, kinachopachikwa chini ya ngozi ya mkono na kutoa dawa kidogo kidogo. Dawa ile ilikwenda kwenye ubongo, ikakaa kwenye vipokezi vya serotonini, kemikali ya hisia, ikatuliza uchungu bila kufuta kumbukumbu. Ilikuwa ya miezi sita tu, watu wapate nguvu ya kujenga upya. Baada ya hapo vijiti vilitolewa, mji mzima, kwa foleni ya siku mbili.

Vijiti vilitoka. Utulivu ukabaki.

Subilaga naye alipachikwa chake, mkono wa kushoto, na kovu analo. Hakikumtuliza hata siku moja. Aliwaona majirani wakinyamaza mmoja mmoja, wakipiga matofali, wakipanda viazi, wakichekeana, naye akabaki pale pale alipokuwa. Kwa miaka mitatu aliamini kwamba kasoro ilikuwa ni yake, kwamba yeye ni mtu asiyetaka kupona.

Siku iliyofuata, Ijumaa, ilitimia miaka mitatu kamili. Alichukua jembe akaenda makaburini. Nyasi zilikuwa zimefika magotini kila mahali isipokuwa kaburi moja. Alipalilia, akaondoa mawe, akaketi. Jirani yake Sekela alipita njiani na kapu la majani ya maboga kichwani. Mwanawe Gwamaka alizikwa safu ya pili kutoka hapo.

"Unapalilia?" Sekela alimuuliza.

"Napalilia."

"Kazi njema, dada."

Sekela akapita, hakugeuza shingo upande wa safu ya pili. Subilaga alimsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye kona.

2

Kazi ya Subilaga ilikuwa kupima maji. Chemchemi ya zamani ilifukiwa na maporomoko, na mji ukachimba kisima kirefu, mita mia nne kwenda chini, kwenye mwamba mweusi. Maji yalikuwa mengi na hayana vijidudu, lakini yalijaa manganizi. Nguo nyeupe zilitoka kwenye beseni na madoa ya kahawia, na birika lililochemshiwa mwaka mmoja lilikuwa jeusi ndani. Jimbo lilileta chujio kubwa la kuondoa metali hiyo. Halikuwahi kuwashwa. Fundi alisema atawasha wananchi wakilalamika, na wananchi wa Isyeto hawakulalamika juu ya jambo lolote.

Subilaga hangefikiria chochote zaidi ya nguo chafu kama si daktari mmoja kijana kule Mbeya. Alikuwa akisoma orodha ya dawa zake.

"Zinki, mara tatu kwa siku, miaka kumi na tisa," alisoma.

"Ini langu halijui kuitoa shaba," Subilaga alimweleza. "Zinki inaizuia isiingie."

"Najua. Nashangaa kitu kingine. Wewe ni wa Isyeto, ulipewa kile kijiti?" Alipoitikiwa, akatikisa kichwa. "Zinki na vile vipokezi havipatani. Sidhani kama kilikufaa sana."

Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Sentensi hiyo moja ndiyo Subilaga aliyopanda nayo kwenye gari la kamba, ikamfikisha nyumbani, ikamkosesha usingizi siku mbili.

Jumatatu alikwenda kliniki, akaomba sahani za majaribio zilizobaki kabatini tangu mpango wa vijiti. Kila sahani ilikuwa na vishimo tisini na sita, na chini ya kila kishimo walikuwa wamepandikiza vipokezi vya binadamu vilivyooteshwa maabara. Dawa yenyewe ilitiwa rangi inayong'aa, ili mtu aweze kuiona iliposhika na ilipoachia.

Kipokezi ni protini iliyochomoza kwenye ukuta wa seli ya ubongo, na hakina umbo moja. Hupinda na kunyooka. Kikiwa kimekaa namna moja, hushika dawa kwa nguvu. Kikikaa namna nyingine, dawa hugusa na kuteleza. Kinachokisukuma huku au kule mara nyingi ni kitu kidogo mno, ioni za metali zinazoogelea pembeni. Magnesiamu na manganizi hukiweka tayari kushika. Sodiamu hukilegeza. Zinki haigombanii nafasi ya dawa; huingia mahali pengine kabisa kwenye protini ile ile, na mshiko wote ukaharibika.

Haya Subilaga aliyasoma chuoni zamani, akafaulu mtihani, akayasahau. Sasa aliyaona.

Safu ya kwanza alitia maji safi ya maabara. Safu ya pili, maji ya bomba la Isyeto. Safu ya tatu, maji ya bomba pamoja na zinki kwa kiasi kile kile kilichomo kwenye damu yake. Akatia dawa kote, akasubiri, akaosha vishimo mara tatu, akapeleka sahani kwenye mashine ya kusoma mwanga.

Maji safi: dawa iliyobaki ilikuwa asilimia arobaini, nayo ilipungua kila saa, kama ilivyokusudiwa. Maji ya bomba: tisini na saba. Alirudia asubuhi iliyofuata, bado tisini na saba. Akaosha tena, tena, mpaka vidole vikakunjamana. Tisini na sita. Safu ya zinki ilikuwa giza. Asilimia sita.

Aliketi kwenye kiti cha maabara. Nje kulikuwa na jua la saa sita na mtu alikuwa akipiga misumari kwenye bati.

Basi hakuwa na kasoro. Alikuwa na vidonge tu. Na wale wengine hawakuwa wamepona. Dawa iliwakamata ikagoma kubanduka, na kila kikombe cha chai kiliishikilia zaidi.

Alitamani kumwambia mtu. Alipitisha majina kichwani, akimtafuta yeyote ambaye angesikia habari hiyo akashtuka, au akafurahi, au hata akakasirika. Alifika mwisho wa mji bila kumpata. Akaosha sahani, akaandika matokeo kwenye daftari, akatia tarehe na sahihi yake.

3

Daktari Mwasumbi wa kliniki ya Isyeto alisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, miwani imeshuka puani. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu. Mkewe alikuwa mwalimu katika shule iliyofukiwa.

"Kazi nzuri sana, Bi Subilaga," alisema. "Umeonyesha hadi saa. Sina pa kupinga."

"Kwa hiyo tunawasha chujio."

"Sikusema hivyo." Alivua miwani. "Unaukumbuka ule mwezi kabla ya vijiti? Nilizika watu sita ambao mlima haukuwagusa. Sita, ndani ya siku thelathini. Mmoja alikuwa nesi wangu."

"Nawakumbuka."

"Ukiwasha chujio leo, kwa hesabu zako hizi, dawa itaanza kuachia baada ya wiki tano hivi. Kwa wote. Watu elfu tatu wataamka mwezi mmoja, kila mmoja na maiti wake. Mimi nina vitanda kumi na viwili. Na daktari ni mmoja, ambaye naye atakuwa analia." Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba. "Funguo za mtambo ni zako. Sitakunyang'anya. Nakuuliza tu, utawashika wangapi kwa mikono miwili?"

Subilaga alihesabu kichwani: elfu tatu, vitanda kumi na viwili.

"Ipo njia nyingine," daktari aliendelea. "Zinki si dawa pekee ya ugonjwa wako. Ipo inayoiondoa shaba kwa mkojo, wala haivigusi vipokezi. Nikibadilisha leo, nikupachike kijiti kipya, wiki ya nne utakuwa kama sisi. Umeteseka bila sababu."

"Na Ikupa?"

"Utamkumbuka. Mimi namkumbuka mke wangu vizuri. Jina lake, mwaka tuliofunga ndoa, namba ya kiatu chake. Sijapoteza kitu."

Alimtazama kwa wema wa kweli. Subilaga aliangalia mikono ya daktari iliyotulia juu ya daftari, na kwa mara ya kwanza tangu msiba aliogopa. Maana wazo lile lilimvutia. Kuketi barazani jioni na watu wengine, kucheka wanachochekea, kula na mumewe na kushiba. Alikuwa amechoka kuwa mtu pekee.

"Nipe muda," alisema.

"Chukua. Hakuna haraka yoyote," alijibu daktari, na kwake yeye hapakuwa na haraka.

Aliandika ripoti kwa jimbo, akaambatanisha namba zote. Jibu lilikuja baada ya siku tano, mistari miwili. Jamii husika haijawasilisha malalamiko. Mtaalamu aendelee kufuatilia.

4

Alimwambia Lwitiko mchana, wakila. Alimweleza yote: kisima, sahani, zinki, maneno ya daktari. Lwitiko aliacha kula ili asikilize, jambo ambalo lilikuwa adabu yake tangu zamani, kabla ya dawa yoyote.

"Kwa hiyo mimi ni mgonjwa," alisema mwishoni.

"Huumwi. Umeshikwa."

"Na wewe ndiye mzima."

"Sijui kama hilo ndilo neno."

Lwitiko alifikiri. "Ikupa nilimpenda?"

Subilaga alirudisha tonge kwenye sahani. "Ulikuwa unamsuka nywele," alisema. "Vibaya. Ulimsuka kila Jumapili, nami Jumatatu alfajiri namfumua namsuka upya. Hakukubali nikuambie."

"Nakumbuka kumsuka. Nakumbuka kitana cha njano." Alitazama vidole vyake. "Nakumbuka kama ninavyokumbuka namba za vipuri."

"Ninaweza kukuchujia maji yako peke yako. Lipo chujio dogo la majaribio. Daktari amekubali kukupa nusu ya dozi yangu ya zinki. Baada ya mwezi na kidogo, dawa itaachia. Sitaki kukudanganya. Itauma kuliko unavyoweza kufikiri sasa."

"Unataka nifanye hivyo?"

"Nataka utake mwenyewe."

"Kutaka ni neno kubwa," alisema Lwitiko. "Siku hizi sina kitu ninachokitaka namna hiyo. Ukiniuliza, nitakuambia mambo ninayoyaona. Naona unakula peke yako wakati nimekaa hapa. Naona umekonda. Naona unaongea na mlango wa chumba kile ukidhani nimetoka." Alisogeza sahani yake pembeni. "Sioni sababu ya kukataa."

Hapo ndipo Subilaga alipokwama. Mtu asiyeona sababu ya kukataa hajakubali. Angemwomba ahame nyumba angehama. Angemwomba anywe sumu angeuliza kwanza kwa nini, kisha labda angekunywa. Na yule mwenye haki ya kujibu swali hili, Lwitiko wa zamani, hakuwapo wa kuulizwa mpaka jambo liwe limekwisha kufanyika.

Walizungumza mpaka chakula kikapoa. Mwishowe ni Lwitiko aliyeleta wazo, kwa akili ile ile anayotumia kwenye pampu. Alichukua kalamu akaandika kwenye karatasi: *Mimi Lwitiko nikiamka na nikaomba kurudishwa, mke wangu anirudishe siku hiyo hiyo, bila kubishana.* Akatia sahihi.

"Hivi unaweza kufungua, na ukiona vibaya unafunga," alisema.

Subilaga aliikunja karatasi. Alijua haikuwa sawa kabisa. Alijua pia kwamba anafanya kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa anahitaji mtu wa kukaa naye, na akaamua asijidanganye juu ya hilo. Jioni alileta dumu la kwanza kutoka mtamboni.

5

Wiki nne hazikuonyesha kitu. Lwitiko alikunywa maji yake, akameza nusu kidonge mara tatu kwa siku, akatengeneza pampu na redio. Wiki ya tano alianza kulalamika juu ya chumvi kwenye mboga. Subilaga aliweka mwiko chini akamtazama. Haikuwa imetokea kwa miaka mitatu.

Siku mbili baadaye alimkuta amesimama kwenye chumba cha Ikupa, katikati ya sakafu tupu.

"Kitanda kiko wapi?"

"Ulikigawa. Mwaka juzi. Kwa familia ya pale kwenye kona, walikuwa na mtoto anayelala chini."

"Nilikigawa," alirudia Lwitiko. "Na wewe ulikuwa unatazama."

"Nilikuzuia. Ulinisikiliza vizuri sana, kisha ukakibeba."

Alishika fremu ya mlango. Sauti iliyotoka haikuwa kilio mwanzoni. Ilikuwa kama mtu anayejaribu kunyanyua kitu kizito mno. Kisha akakaa pale chini, akalia kwa sauti, asubuhi nzima, mpaka adhuhuri. Mtaa haukuwa umesikia mtu akilia tangu mwaka wa kwanza, na huyo alikuwa Subilaga.

Alikaa naye sakafuni. Alimshika kichwa. Alikuwa amengoja saa hiyo kwa miaka mitatu, na alidhani kwamba ikija watakuwa wawili.

Haikuwa hivyo. Kwa Lwitiko, mlima uliteremka wiki hii. Aliamka akimwita. Aliuliza kama alikuwa amekula asubuhi ile, nani alimfunga vifungo vya sare, kama mwili ulipopatikana ulikuwa na viatu. Maswali ambayo Subilaga aliyauliza zamani, akayajibu, akayazika mwenyewe, sasa alilazimika kuyafukua moja moja na kumpa. Alipokuwa akimjibu, sauti yake ilitoka kavu.

"Mbona wewe hulii?" Lwitiko alimuuliza siku ya sita. Macho yake yalikuwa yamevimba na yana chuki.

"Nililia."

"Lini?"

"Ulikuwepo. Uliniletea chai, ukaenda kazini."

Lwitiko aliivuta shuka mpaka kidevuni. Kisha akageukia ukuta.

Siku zile Subilaga alijua upweke wa namna nyingine, wa kuwa na mtu anayeumia kitu kile kile na bado msikutane. Alikuwa ametembea njia ile peke yake hadi mahali fulani, akarudi kumpokea mwenziwe, akakuta yeye mwenyewe hawezi tena kwenda polepole kama huyo mwenziwe. Kila asubuhi alimwekea maji na kidonge. Kila asubuhi alihofia kuvikuta havijaguswa, na alihofia pia kuvikuta vimeguswa.

Siku ya kumi Lwitiko alitoka chumbani, amejifunga shuka, akasema, "Ile karatasi unayo?"

"Ninayo."

"Nataka maji ya bomba."

Subilaga hakubishana. Alikwenda bombani, akajaza bilauri, akaiweka mbele yake mezani, na kando yake akaweka karatasi. Akaketi upande wa pili.

Lwitiko aliishika bilauri. Aliitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, ule uangavu wa maji usioonyesha kitu.

"Ikupa alikuwa anakohoa kabla ya kusema uongo," alisema.

"Ndiyo. Kikohozi kidogo."

"Nilisahau. Sikukumbuka hata kwa namna ya namba za vipuri. Jana usingizini nikakisikia." Aliizungusha bilauri mkononi. "Nikinywa hii nitakumbuka kwamba alikohoa. Ila sitakisikia."

"Uliandika nisibishane."

"Na hubishani."

Walikaa. Alipeleka bilauri mdomoni, akairudisha. Alifanya hivyo mara mbili. Kisha akasimama, akaenda mlangoni, akamwaga maji uani, akarudi akaketi, na kwa mara ya kwanza tangu aamke akaula ugali uliokuwa mezani, polepole, akiukata vipande vidogo kama mtu aliyetoka kwenye homa.

"Usinisemeshe leo," alisema.

"Sikusemeshi."

"Lakini usitoke."

Hakutoka. Alichukua sinia, akachambua mchele mezani pale pale, na mchana ukapita hivyo.

6

Jumamosi iliyofuata, kwenye saa tatu asubuhi, Subilaga alifungua mlango wa mbele akamkuta Sekela amesimama nje ya ua, mkono juu ya fito. Hakuwa amebeba kitu. Kanga yake ilikuwa na masizi.

"Karibu, dada. Umesimama hapo muda mrefu?"

"Tangu walipotoka kukama ng'ombe," alisema Sekela. "Jana pia nilikuja. Na juzi."

"Kuna shida?"

"Hakuna shida. Uji umeungua jikoni, niliuacha." Alikuwa akijieleza kwa makini, kama mtu anayesimulia dalili kwa daktari. "Nilimsikia shemeji analia wiki iliyopita. Nikasimama kusikiliza. Nilitaka kwenda zangu, miguu ikakataa. Nikajiuliza kwa nini. Sikupata jibu, ndiyo narudi rudi."

Subilaga alimkaribisha ndani, akamketisha, akamweleza. Hakupunguza kitu. Alimwambia kuhusu manganizi, kuhusu wale sita wa mwezi wa kwanza, kuhusu Lwitiko aliyelala sakafuni siku tisa. Alimwambia kwamba yeye mwenyewe hajui hadi leo kama alimtendea mumewe haki. Sekela alisikiliza huku akikwangua masizi kwenye kanga kwa ukucha.

"Sikupi leo," Subilaga alimaliza. "Nenda nyumbani ukafikiri siku saba. Zungumza na dada yako. Kama baada ya hapo bado unataka, uje naye, awe anakulinda. Nitamwambia na daktari."

"Siku saba nitafikiri nini? Sina kinachonisukuma wala kinachonivuta. Ni miguu tu."

"Fikiri hivyo hivyo."

Sekela aliitikia kwa kichwa. Hakuinuka. Kutoka chumba cha nyuma walisikia Lwitiko akisogeza kitu, akisimama, akipenga kamasi.

"Inauma kiasi gani?"

Subilaga alitafuta jibu la kweli. "Mwaka wa kwanza nilikuwa nasahau kupumua," alisema. "Natembea njiani, nashtuka kifua kimebana, nakumbuka kuvuta pumzi. Mwaka wa pili ikawa mara moja moja. Sasa napumua. Lakini ni kwa kuwa nimezoea, si kwa kuwa imeisha."

"Na miaka yote hiyo ulikuwa peke yako?"

"Peke yangu."

"Tulikuwa tunapita hapo njiani tunakusalimu."

"Mlikuwa mnanisalimu vizuri."

Sekela alimtazama. Hapakuwa na huruma usoni mwake, hakuwa na uwezo wa kuwa nayo bado. Alikuwa anapima jambo, anaweka hili hapa na lile pale, na Subilaga alimwona akifika mwisho wa kupima.

"Basi mimi sitakuwa peke yangu," alisema Sekela.

Alijifunga kanga vizuri, akaaga, akatoka. Alipofika uani alisimama, akageuka, akauliza ni siku gani hasa itakuwa ya saba, ili aje na dada yake. Subilaga akahesabu kwa vidole, akamtajia.